Kutoka Chemchemi hadi Chumbani: Historia ya Nebulaiza ya Nyumbani na Suala la Usimamizi wa Mgonjwa, 1858–1999

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya nebulaiza, yaani mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu unaovutwa mapafuni, kuanzia chemchemi za tiba za Ufaransa katikati ya karne ya 19 hadi majumbani mwa wagonjwa mwishoni mwa karne ya 20. Hoja kuu ni kwamba kifaa hiki kilihama kutoka kwa tabibu kwenda kwa mgonjwa kwa kasi kuliko maarifa na uangalizi uliopaswa kuandamana nacho. Pengo hilo linaonekana wazi zaidi katika vifo vya wagonjwa wa pumu nchini Nyuzilandi kati ya miaka ya 1976 na 1989, na katika tatizo la vimelea vilivyoota ndani ya mashine zenyewe. Makala yanahitimisha kuwa mafanikio ya tiba ya nyumbani yalitokana na mpango wa kumwezesha mgonjwa kupima hali yake na kujua wakati wa kuomba msaada, zaidi ya ubora wa mashine.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa pumu anapobanwa kifua usiku wa manane, kinachomtenganisha na nafuu ni umbali uliopo kati ya kitanda chake na mahali dawa ilipo. Historia ya nebulaiza ya nyumbani ni historia ya juhudi za kufupisha umbali huo. Hata hivyo, kila ulipofupishwa, kulizuka suala jingine: ni nani atakayemwangalia mgonjwa pale ambapo hapana muuguzi wala daktari?

Historia nyingi za tiba ya kuvuta dawa zimeandikwa kama maandamano ya uvumbuzi: kifaa kimoja kinafuatwa na kingine kilicho bora, hadi kufikia mashine ndogo zisizo na kelele za siku hizi. Mkabala huo una manufaa kwa kupanga tarehe, lakini unamwacha mgonjwa nje ya masimulizi. Hauelezi kwa nini kifaa kilekile kilichookoa maisha hospitalini kilitiliwa shaka kilipofika sebuleni, wala kwa nini chupa tupu ya soda iliweza kushindana na vifaa vilivyotengenezwa viwandani kwa gharama kubwa zaidi.

Makala haya yanaongozwa na maswali matatu. Kwanza, ni mazingira gani yaliyoiwezesha nebulaiza kutoka katika taasisi na kuingia nyumbani? Pili, uhamisho huo ulizua hatari zipi ambazo hazikuwapo, au hazikuonekana, hospitalini? Tatu, wataalamu na wagonjwa walizijibuje hatari hizo? Mbinu iliyotumika ni ya kihistoria: maandishi ya kitabibu yaliyochapishwa yanasomwa kwa mfuatano wa wakati, huku msisitizo ukiwekwa katika yale yanayodokeza mahusiano kati ya mgonjwa, mashine na mtaalamu. Nyuzilandi imeteuliwa kuwa kielelezo kikuu kwa sababu mjadala wa nchi hiyo uliandikwa kwa kina na ulibadili mwenendo wa tiba nje ya mipaka yake.

2.0 Mvuke na Ukungu: Ufafanuzi wa Dhana

Msomaji wa Kiswahili ana msamiati wa kale wa tiba ya hewa. Kujifukiza, au kupiga nyungu, ni desturi inayojulikana: mgonjwa hujifunika shuka au blanketi juu ya chungu chenye maji ya moto na majani kama ya mkaratusi au mchaichai, kisha huvuta mvuke unaopanda. Ni rahisi basi kuiona nebulaiza kama nyungu ya umeme. Ulinganisho huo una mantiki ya kihistoria, kwa kuwa vifaa vya awali vya Ulaya vilitokana na wazo hilohilo, lakini kisayansi unapotosha.

Mvuke ni maji yaliyogeuka kuwa gesi kwa joto. Hubeba vitu vinavyovukika tu, kama vile mafuta ya mkaratusi. Dawa nyingi za mapafu, salbutamoli ikiwamo, hazivukiki. Zikichemshwa hubaki chini ya chungu. Ukungu, kwa upande wake, ni matone madogo sana ya maji yanayoelea hewani, na kila tone hubeba sehemu yake ya dawa iliyoyeyushwa humo. Kazi ya nebulaiza ni kutengeneza ukungu huo bila kutegemea joto.

Katika mashine ya kompresa, hewa iliyoshindiliwa hupita kwa kasi katika tundu jembamba lililomo ndani ya kikombe cha dawa. Shinikizo karibu na tundu hilo hushuka, dawa hunyonywa kutoka chini ya kikombe na kupasuliwa kuwa matone. Matone makubwa hugonga ukingo uliowekwa ndani na kuanguka tena kikombeni, ilhali madogo hutoka kupitia barakoa au kipande cha kuwekwa mdomoni. Matone yenye kipenyo cha mikromita 1 hadi 5 ndiyo yanayofaa: yaliyozidi hapo hunasa kooni na kumezwa, na yaliyo madogo mno aghalabu hutolewa nje pamoja na pumzi. Kutokana na upotevu huo na mabaki yanayong'ang'ania kikombeni, takriban asilimia 10 tu ya dawa iliyotiwa hufika mapafuni katika mashine nyingi za aina hii.

Ufafanuzi huu ni wa lazima kwa sababu mbili. Unaonyesha kuwa utendaji wa mashine hutegemea mambo yanayoweza kuharibika kimyakimya: tundu lililoziba, kompresa iliyochoka, kikombe kilichopasuka. Aidha, unaeleza ni kwa nini kipimo cha dawa ya nebulaiza ni kikubwa mno kikilinganishwa na cha pampu ya mkononi, jambo litakalojadiliwa katika sehemu ya tano.

3.0 Tabibu, Chemchemi na Pampu: Karne ya 19

Kuvuta dawa kwa kutumia chombo maalumu hakukuanza na nebulaiza. Mwaka 1778, John Mudge, tabibu wa Plymouth nchini Uingereza, alieleza kikombe cha madini ya pyuta chenye kifuniko na mrija, ambacho mgonjwa wa kikohozi alikitumia kuvuta mvuke. Chombo hicho kilikuwa cha nyumbani kwa asili yake, kwani kilitokana na kikombe cha kawaida cha kunywea bia. Lakini kilikuwa chombo cha mvuke, si cha ukungu.

Ukungu ulianzia penye maji ya madini. Katikati ya karne ya 19, matajiri wa Ufaransa walisafiri kwenda kwenye chemchemi za tiba ili kuoga, kunywa na kuvuta hewa iliyojaa matone ya maji hayo. Jean Sales-Girons, tabibu aliyefanya kazi katika chemchemi ya Pierrefonds, alibuni kifaa cha kubebeka kilichotuzwa mwaka 1858 mjini Paris. Mtumiaji alisukuma mpini mithili ya pampu ya baiskeli; maji yalivutwa kutoka katika hifadhi na kurushwa kwa nguvu hadi yakapasuka kuwa matone. Kwa mara ya kwanza, hewa ya chemchemi iliweza kufungwa sandukuni na kusafirishwa.

Uwezo huo wa kubebeka ndio unaostahili kuzingatiwa. Chemchemi haikuwa maji peke yake. Ilikuwa pia ratiba, mlo na tabibu aliyemwona mgonjwa kila siku. Kifaa cha Sales-Girons kilibeba maji na kuyaacha hayo mengine. Madaktari wa Paris walibishana vikali iwapo matone hayo yalifika mapafuni kweli au yaliishia kooni, lakini hawakujishughulisha sana na swali la nani angemsimamia mgonjwa akishakirudisha kifaa kwake. Dawa za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kutosha kulifanya swali hilo kuwa la kufa na kupona.

Katika miaka ya 1860, Emil Siegle wa Ujerumani alitumia nguvu ya mvuke wa maji yanayochemka kunyonya na kutawanya dawa, na hivyo mgonjwa akaondokana na kazi ya kusukuma. Marekani nako, Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alianzisha mwaka 1888 kampuni ya kutengeneza vipulizio vya dawa za koo. Vipulizio vya kioo vyenye balbu ya mpira ya kuminya kwa mkono viliendelea kuwapo majumbani kwa miongo mingi iliyofuata.

4.0 Dawa Zenye Nguvu: 1929 hadi 1969

Kilichobadili uzito wa suala hili kilitoka katika maabara ya kemia. Adrenalini, iliyotengwa katika hali safi mwaka 1901, ilitumika kwanza kwa sindano. Mwaka 1929, Percy Camps alichapisha mjini London maelezo ya matumizi yake kwa njia ya kuvuta. Mgonjwa aliyezoea kumsubiri daktari na sindano yake sasa aliweza kuminya balbu na kufunguka kifua ndani ya dakika chache. Katika miaka ya 1930, nebulaiza ya umeme iliyoitwa Pneumostat iliuzwa Ujerumani. Baada ya adrenalini ilikuja isoprenalini katika miaka ya 1940, ambayo nayo ilivutwa kwa vipulizio vya aina hiyo.

Balbu za kioo zilivunjika, zilivuja na zilimchosha mgonjwa. Mwaka 1955, binti wa miaka 13 aliyekuwa na pumu alimuuliza baba yake, George Maison, rais wa kampuni ya Riker Laboratories ya Marekani, kwa nini dawa yake isiwekwe katika kopo kama la marashi ya nywele. Swali hilo la nyumbani lilizaa pampu ya mkononi yenye kutoa kipimo maalumu, iliyoingia sokoni mwaka 1956. Hapo tiba ya kuvuta dawa iligawanyika katika njia mbili: pampu ndogo ya mfukoni kwa kila siku, na mashine kubwa ya ukungu kwa hali mbaya zaidi, kwa watoto wadogo na kwa wasioweza kuoanisha kubonyeza na kuvuta pumzi.

Onyo la kwanza lilitoka katika njia ya pampu. Katika miaka ya 1960, vifo vya pumu viliongezeka Uingereza na Wales, hususani miongoni mwa vijana. Uchunguzi wa Speizer, Doll na Heaf, uliochapishwa mwaka 1968, ulielekeza macho kwenye pampu za isoprenalini zilizokuwa zimeenea kwa kasi. Pampu hizo zilidhibitiwa, na vifo vikapungua. Funzo lililochukuliwa na wengi lilihusu kemikali: dawa ilisisimua moyo kupita kiasi, hivyo ilihitajika dawa teule zaidi. Dawa hiyo ilipatikana. Salbutamoli, iliyotokana na kazi ya timu ya David Jack katika kampuni ya Allen & Hanburys, ilianza kuuzwa mwaka 1969. Funzo la pili, kwamba mgonjwa anayepata nafuu ya haraka mikononi mwake anaweza kuchelewa kutafuta msaada, halikupewa uzito uleule.

5.0 Nyumba Yageuka Wodi

Miaka ya 1970 iliunganisha dawa salama zaidi na kompresa ndogo inayokaa mezani. Awali nebulaiza ilikuwa mali ya wodi: muuguzi alipima dawa, alimtazama mgonjwa, na hewa yenyewe mara nyingi ilikuwa oksijeni. Nyumbani, mzazi au mke alichukua nafasi ya muuguzi, na hewa ya chumbani ikachukua nafasi ya oksijeni.

Tofauti ya kipimo inapaswa kuelezwa kwa tarakimu. Pampu ya salbutamoli hutoa mikrogramu 100 kwa kila mbonyezo. Kichupa kimoja cha nebulaiza huwa na miligramu 2.5 au 5, yaani sawa na mibonyezo 25 au 50. Ingawa sehemu kubwa hupotea njiani, mgonjwa aliyepewa mashine alipewa kwa hakika kiasi cha dawa ambacho kabla ya hapo kilitolewa mbele ya mtaalamu tu.

Wagonjwa waliofaidika zaidi na mabadiliko haya walikuwa wale wenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaozalisha makohozi mazito mapafuni. Kuanzia miaka ya 1950, watoto wengi wa Marekani wenye ugonjwa huo walilazwa usiku kucha ndani ya mahema ya ukungu, kwa imani kwamba unyevu ungelainisha makohozi. Katika miaka ya 1970 desturi hiyo ilififia, kwa kuwa manufaa yake hayakuthibitika. Mwaka 1981, Hodson, Penketh na Batten wa London walionyesha kuwa viuavijasumu vilivyovutwa kwa nebulaiza viliwasaidia wagonjwa walioambukizwa bakteria aina ya Pseudomonas. Tiba iliyohitaji kulazwa hospitalini kwa mishipa sasa iliweza kufanywa asubuhi na jioni kabla ya shule na baada ya kazi. Kwa familia hizi, mashine ilikuwa uhuru; ilikuwa pia ajira isiyo na likizo, maana kila matumizi yalidai kuosha, kuchemsha na kukausha.

Hapo ndipo hatari ya usafi ilipojitokeza. Mwaka 1965, Reinarz na wenzake nchini Marekani walikuwa tayari wamebaini kwamba vifaa vya tiba ya hewa hospitalini vyenye hifadhi za maji vilitoa ukungu uliojaa bakteria. Ukungu unaobeba dawa hadi ncha za mapafu hubeba vimelea kwa ufanisi uleule. Hospitali ilijibu kwa taratibu za kutakasa vifaa na kwa watumishi wa kuzitekeleza. Nyumba haikuwa na mtumishi huyo. Kikombe kilichoachwa na mabaki ya dawa hadi kesho yake kiligeuka chanzo cha maradhi yaleyale ambayo mgonjwa alikuwa akijikinga nayo.

6.0 Nyuzilandi, 1976–1989

Mnamo mwaka 1976, fenoteroli, dawa ya kutanua njia za hewa, ilianza kutumika Nyuzilandi. Muda si mrefu vifo vya pumu vilianza kupanda ghafla. Mwaka 1982, Jackson na wenzake walichapisha uchambuzi uliouita mlipuko mpya wa vifo: kiwango cha Nyuzilandi kilikuwa juu kuliko cha nchi nyingine zilizokuwa na takwimu za kulinganishwa. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana, na wengi walifia nje ya hospitali.

Katika kipindi hicho nebulaiza za nyumbani ziliongezeka sana, na kwa hiyo zilishukiwa. Sears na wenzake (1987) walichunguza vifo 75 vya wagonjwa wa pumu waliokuwa wameandikiwa nebulaiza za nyumbani. Mjadala uliozunguka vifo vya aina hiyo ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulishuku sumu: kwamba dozi kubwa zilizorudiwarudiwa ziliudhuru moyo. Upande wa pili ulishuku ucheleweshaji: kwamba mgonjwa aliyekuwa na mashine aliendelea kuitegemea saa baada ya saa, akipata nafuu fupi, huku mapafu yake yakizidi kuziba.

Hoja ya ucheleweshaji ina msingi wa kifiziolojia. Shambulio la pumu lina sehemu mbili: misuli ya njia za hewa hukaza, na kuta zake huvimba na kujaa ute. Dawa ya kutanua hulegeza misuli ndani ya dakika chache, lakini haiponyi uvimbe wala kuondoa ute. Mgonjwa huhisi amepona ilhali chanzo kinaendelea kukua. Zaidi ya hayo, dawa hizi zinaweza kupunguza oksijeni katika damu kwa muda, kwa kuelekeza damu kwenye sehemu za mapafu zisizopata hewa ya kutosha. Hospitalini upungufu huo hufidiwa kwa oksijeni. Kompresa ya nyumbani husukuma hewa ya kawaida. Hivyo mashine moja, yenye dawa moja na mgonjwa mmoja, haikuwa tiba ileile katika mahali pawili tofauti.

Upande wa sumu nao ulipata ushahidi. Mwaka 1989, Crane na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa waliokufa na wale waliosalimika, na kuhusisha fenoteroli ya pampu ya mkononi na ongezeko la hatari ya kufa. Pampu hiyo ilitoa mikrogramu 200 kwa kila mbonyezo, mara mbili ya salbutamoli, na dawa yenyewe ilisisimua moyo zaidi. Utafiti huo ulipingwa vikali. Wakosoaji walidai kwamba fenoteroli waliandikiwa wagonjwa waliokuwa mahututi tangu awali. Hata hivyo serikali iliwekea dawa hiyo vikwazo, na vifo vikashuka kwa kiasi kikubwa.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kama ushindi wa hoja ya sumu, na kama kuondolewa lawama kwa nebulaiza. Usomaji huo ni mwembamba. Kushuka kwa vifo kulienda sambamba na mabadiliko mengine: matumizi mapana zaidi ya steroidi za kuvuta, ambazo hutibu uvimbe wenyewe, na elimu mpya kwa wagonjwa. Kadhalika, mtu mwenye nebulaiza kwa kawaida alikuwa mgonjwa zaidi kuliko asiye nayo, hivyo kuhesabu vifo peke yake hakukuweza kutenga kosa la mashine na ukali wa ugonjwa. Jambo lisilopingika ni kwamba kwa mara ya kwanza nchi nzima ililazimika kuuliza kilichokuwa kikitokea ndani ya nyumba ya mgonjwa katika saa zake za mwisho, na ni nani aliyekuwa amemweleza wakati wa kuacha kuitegemea mashine na kuita gari la wagonjwa.

7.0 Kutoka kwa Mashine hadi kwa Mpango

Jibu la swali hilo halikuhitaji umeme. Mwaka 1959, Martin Wright wa Uingereza alikuwa ametambulisha kipimo cha kasi ya juu ya pumzi, na toleo dogo la plastiki likafuata katika miaka ya 1970. Mgonjwa hupuliza kwa nguvu, na mshale husimama kwenye tarakimu. Mwaka 1989, Beasley, Cushley na Holgate walieleza mpango wa kujisimamia kwa watu wazima wenye pumu, ambamo kushuka kwa tarakimu hadi viwango vilivyowekwa kulimwelekeza mgonjwa hatua ya kuchukua: kuongeza steroidi ya kuvuta, kuanza vidonge, au kwenda hospitali mara moja.

Nchini Nyuzilandi, D'Souza na wenzake (1994) waliupeleka mpango wa namna hiyo katika jamii ya Wamaori wa Wairarapa, ukiwa umechapwa kwenye kadi ya plastiki yenye ukubwa wa kadi ya benki. Wamaori walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi na vifo vya pumu, na kazi hiyo ilifanywa pamoja na jamii yenyewe. Kadi hiyo inaweza kutazamwa kama kinyume cha nebulaiza. Mashine ilipeleka nyumbani dawa ya wodi bila maarifa ya wodi. Kadi ilipeleka maarifa.

Nchini Uingereza, mwaka 1997, chama cha kitaifa cha madaktari wa mapafu kilitoa mwongozo wa matumizi bora ya nebulaiza. Mwongozo huo ulitaka mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa afanyiwe tathmini rasmi kabla ya kupewa mashine ya kudumu nyumbani: kwanza utambuzi uhakikishwe, kisha pampu ya mkononi ijaribiwe kwa dozi ya kutosha, na baadaye majaribio ya nyumbani yalinganishe tiba hizo mbili. Ulisisitiza pia maelekezo ya maandishi, ukarabati wa kompresa, ubadilishaji wa vikombe na mahali pa kuulizia. Kwa maneno mengine, mashine haikupaswa tena kutolewa bila huduma yake.

Pigo kwa ukuu wa mashine lilitoka Afrika. Mwaka 1999, Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti kuhusu watoto wenye pumu. Walitoboa kitako cha chupa ya plastiki ya mililita 500 kwa waya wa moto, wakapachika pampu ya mkononi na kuziba kwa gundi, mtoto akavuta dawa kupitia mdomo wa chupa. Chupa hiyo ilitanua njia za hewa sawasawa na chemba ya kiwandani. Tafiti nyingine zilikuwa zikionyesha kwamba pampu yenye chemba hufanya kazi sawa na nebulaiza katika mashambulio mengi ya pumu. Yakiunganishwa, matokeo haya yalimaanisha kuwa familia isiyo na umeme haikuwa lazima ikose tiba yenye nguvu sawa.

Maana ya matokeo hayo kwa Afrika Mashariki ni ya moja kwa moja. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuupokea, katika miaka ya 1990, mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Magonjwa ya Watoto kwa Uwiano. Miongozo ya mkakati huo ilikuja kujumuisha maelekezo ya kutengeneza chemba kwa chupa ya mililita 500. Mhudumu wa zahanati anayemwonyesha mama namna ya kushika chupa hiyo hutoa, kwa tendo moja, kifaa na somo la kukitumia. Hicho ndicho kilichokosekana mara nyingi mashine zilipogawiwa katika nchi tajiri.

Haifai hata hivyo kuhitimisha kwamba nebulaiza imepitwa na wakati. Mgonjwa wa sistiki faibrosisi anayetumia viuavijasumu vya kuvuta, mzee asiye na nguvu za kubonyeza pampu, na mtu aliyechoka mno kuvuta pumzi ndefu wanaihitaji bado. Wala si sahihi kudhani kuwa chupa au kadi huondoa sababu za ugonjwa. Mahali ambapo chakula hupikwa kwa kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha la kutosha, dawa yoyote hushindana na moshi wa kila siku.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nebulaiza iliingia nyumbani kwa hatua tatu: kifaa cha kubebeka cha mwaka 1858 kilichoitenganisha tiba na chemchemi, dawa zenye nguvu zilizoanza na adrenalini ya kuvuta mwaka 1929, na kompresa ndogo za miaka ya 1970. Katika kila hatua, kilichosafirishwa ni sehemu ya tiba, na kilichobaki nyuma ni mtu wa kuangalia. Ukungu wenye vimelea na vifo vya Nyuzilandi ni matokeo mawili ya pengo hilohilo, ingawa dawa iliyochaguliwa nayo ilikuwa na sehemu yake katika vifo hivyo.

Imebainika pia kwamba suluhisho lililodumu halikuwa kumnyang'anya mgonjwa mashine wala kumrudisha wodini, bali kumkabidhi uwezo wa kujipima na mpaka ulio wazi wa kuomba msaada. Kwa mtafiti wa historia ya tiba, kielelezo hiki kinadai kwamba kifaa kisichunguzwe bila nyumba kinamotumika: nani anakiosha, nani anaweka saa ya dozi, nani ameamka usiku na mgonjwa. Kwa mpangaji wa huduma za afya, kinatoa kigezo cha kutumia kabla ya kuandika nebulaiza ya nyumbani. Mgonjwa na anayemuuguza wawe wameonyeshwa namna ya kuisafisha, wawe na kipimo cha pumzi au dalili wanazozielewa, na waweze kujibu bila kusita swali moja: dawa isipofanya kazi, tutakwenda wapi, na baada ya muda gani?